Saa ya Hadithi kwa Watoto Wadogo: Kazi Inayoingoja Maktaba Yetu

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mkutubi mstaafu, mbele ya mkutano wa mwaka wa waliosoma shule hii, Mpanda.)



Kamati iliponiandikia kuniomba niseme machache juu ya maktaba ya shule, nadhani ilitegemea nije kuomba makabati na vitabu vya kiada. Maktaba inavihitaji, hilo sikatai. Lakini leo nataka kuwasemea watu wasioweza kuja kujisemea wenyewe, kwa sababu wengi wao hawajatimiza miaka mitatu. Nimewasikia baadhi yenu mkicheka Ndugu Mwenyekiti alipotangaza kichwa cha maneno yangu. Chekeni tu, ndugu zangu. Nami kama ningekuwa nimekaa upande huo ningecheka. Ila mkimaliza kucheka naomba mnisikilize, maana mwishoni ipo hoja ya kuamuliwa, na ndani ya hoja hiyo zimo fedha zenu.

Asubuhi tumesikia taarifa ya taaluma. Tumeambiwa kwamba wapo vijana wanaoingia Kidato cha Kwanza hali wakisoma Kiswahili kwa kidole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mwalimu alipolisema hilo ukumbi ulinyamaza. Kisha yakaanza yale tuliyoyazoea: sekondari inailaumu shule ya msingi, shule ya msingi inalilaumu darasa la awali, na darasa la awali linailaumu nyumba. Nyumba hakuna aliyeiuliza neno. Elimu ya awali ni ya mwaka mmoja, na mtoto huingia akiwa na miaka kama mitano. Sasa hiyo mitano iliyotangulia, alikuwa na nani, na alizungumza nini?

Serikali imekwisha kuliona jambo hili. Mwezi Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, nayo inamtazama mtoto tangu tumboni hadi anapofikia miaka minane. Inataja mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Manne ya kwanza watu huyaelewa upesi, kwani zahanati ipo na mizani ya watoto ipo. La tano ndilo linalotuponyoka. Tukisikia "ujifunzaji wa awali" mawazo yetu hukimbilia sare, soksi nyeupe, na mtoto wa miaka miwili akiimbishwa a-e-i-o-u. Sivyo hata kidogo. Kwa mtoto wa umri huo kujifunza ni kuzungumzishwa, na kujibu, na jibu lake kupokelewa.

Mwaka 1988 mtaalamu mmoja wa Marekani, Grover Whitehurst, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya jaribio dogo walilolifanya kwa watoto wa miezi kati ya 21 na 35. Wazazi wote waliendelea kuwasomea watoto wao vitabu vya picha, mara sawasawa. Tofauti ilikuwa hii: kundi moja la wazazi lilifundishwa kumwuliza mtoto maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "siyo", kumsubiri, kisha kulirudia jibu lake na kuliongezea kidogo. Mtoto akisema "mbwa," mzazi aseme "naam, mbwa mkubwa, anakimbia wapi?" Baada ya mwezi mmoja tu watoto wa kundi hilo waliwapita wenzao kwa mbali katika kusema. Mwezi mmoja, ndugu zangu, na vitabu vilikuwa vilevile! Kilichobadilika ni nani anayezungumza.

Na hapo ndipo ninapotaka watu wa huku wasinyanyue mabega wakasema hayo ni mambo ya Wazungu. Msimulizi wetu hakuanza hadithi bila ruhusa ya wasikilizaji. Alisema "Paukwa!" akangoja "Pakawa!" Asipojibiwa hakuendelea. Kitendawili nacho hakitegwi mpaka asikie "Tega!" Basi jambo alilolipima mtaalamu yule kwa hesabu, bibi zetu walilifanya kando ya moto. Isipokuwa moto ule sasa umehama. Baba yuko machimboni kwenye dhahabu au juu ya pikipiki, mama yuko sokoni tangu alfajiri, bibi amebaki kijijini, na mtoto anashinda na dada mwenye miaka tisa au mbele ya televisheni. Televisheni huimba vizuri, lakini haimngoji mtoto ajibu.

Mtu atauliza: hayo yote yanaihusu vipi maktaba ya sekondari? Hebu tutazame wenzetu wa Uganda. Huko Kitengesa, karibu na Masaka, maktaba ilianza mwaka 1999 kwa sanduku moja la vitabu ndani ya shule ya sekondari, kwa juhudi za mkuu wa shule na mwalimu wa chuo kikuu, Kate Parry. Mwaka 2002 walipata jengo. Tangu mwanzo walikubaliana kwamba itakuwa ya shule na ya wanakijiji pia. Wanafunzi wa sekondari walipewa kazi maktabani, na malipo yao yakawa msaada wa karo. Baadaye watafiti wawili, Valeda Dent na Geoff Goodman, walifanya kazi katika maktaba mbili za vijijini huko Uganda, wakiwa na watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mtoto alisimulia hadithi yake, mtu mzima akaiandika kama ilivyosemwa, kisha watoto wakaiigiza. Njia hiyo waliichukua kwa Vivian Paley, mwalimu wa chekechea wa Chicago. Nimewatajia Kitengesa kwa sababu ni shule kama yetu, haikuwa na mfadhili wa kujenga jumba la ghorofa, na ilianza na sanduku.

Sisi tunalo zaidi ya sanduku. Tunacho chumba chenye paa zima, rafu, na sakafu ya saruji, na chumba hicho kila Jumamosi kimefungwa kwa kufuli.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, maana niliahidi kuleta mpango.

Saa ya hadithi kwa watoto wa mwaka mmoja na nusu hadi mitatu si saa. Ni nusu saa, na ndani yake hadithi haizidi dakika tano. Anayedhani atamkalisha mtoto wa miaka miwili dakika ishirini akisikiliza, huyo hajapata kukaa naye. Watoto wasizidi kumi na watano, na kila mmoja aje na mtu wake, awe mama, baba, bibi au dada. Nasisitiza hili. Hatufungui kituo cha kulelea watoto mchana. Mzazi asitupe mtoto mlangoni akaenda kununua dagaa. Yeye ndiye mwanafunzi wetu hasa, kwa sababu sisi tutakuwa na mtoto nusu saa kwa juma, naye atakuwa naye siku zote zilizobaki.

Kila mwezi tuchague mada moja. Wakutubi wengine huichukulia mada kama pambo: wakisema "wanyama" basi wanabandika ukutani tembo, pomboo, dubu na pengwini, na mtoto wa Nsemulwa anatoka akiwa amekodoa macho na hajapata hata neno moja. Mada ni kigingi cha kufungia mbuzi. Kisimame mahali pamoja, na kamba iwe ndefu kidogo. Iwe kitu ambacho mtoto amekiona, amekisikia au amekionja kabla hajafika kwetu, ili kitabu kimkute ana la kusema.

Kwa hiyo mada ya kwanza ninayoipendekeza ni treni.

Hapa Mpanda hakuna mtoto asiyeujua mlio wake. Vijana mjue kwamba reli hii ya tawi kutoka Kaliua, kilomita zipatazo 210, ilifika hapa mwaka 1950, nayo ililetwa na madini ya risasi yaliyokuwa yakichimbwa hapa wakati wa mkoloni. Machimbo yale yalifungwa, reli ikabaki, na mji ukaikalia. Wengi wetu tuliokuja kusoma hapa kutoka Tabora na kwingineko tulishuka pale stesheni na masanduku ya bati. Lakini hayo ni ya kwetu wakubwa. Mtoto wa miaka miwili hahitaji historia ya reli. Anahitaji maneno sita: panda, shuka, mbele, nyuma, polepole, haraka. Akiondoka na hayo, na mwili wake ukiwa umeyatenda, tumefanya kazi.

Asubuhi itakwenda hivi. Mikeka itandikwe kabla ya saa tatu, vitabu vya wakubwa vipandishwe rafu za juu, na mlangoni iwepo ndoo ya maji yenye koki na sabuni. Kila mtoto asalimiwe kwa jina lake, na kijana anayesalimu achuchumae, asimwinamie kama mgambo. Kisha wimbo wa kukaribisha, mfupi, na uwe uleule kila Jumamosi. Msiubadilishe mpaka watoto wenyewe wauanzishe. Mtoto mdogo akisikia wimbo anaoujua hutulia, hujua yuko wapi na kitakachofuata.

Baada ya wimbo, msimulizi atoe kitu kutoka ndani ya kikapu kilichofunikwa kanga. Safari hii ni kigari cha boksi. "Hiki nini?" Angoje. Angoje kweli, ahesabu moyoni mpaka tano. Wasimulizi wapya hushindwa hapa, hudhani kimya ni aibu, wakajijibu wenyewe. Mtoto wa umri huo analitafuta neno kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko uliojaa. Ukimharakisha anaacha kutafuta.

Halafu hadithi. Nimewatungia moja, nanyi mna ruhusa kuiharibu mtakavyo. Bibi amepanda treni hapa Mpanda, anakwenda kumwona mjukuu wake Kaliua. Treni inafika Katumba, kuku yuko stesheni. Anauliza: "Bibi, ipo nafasi?" Bibi anajibu: "Ipo, panda!" Inaondoka polepole, kisha haraka. Inasimama tena, mbuzi yuko kando ya reli. "Bibi, ipo nafasi?" "Ipo, panda!" Inafika mto Ugalla. Majini anatokea kiboko, mkubwa, maji yanamchuruzika. "Bibi, ipo nafasi?" Hapo msimulizi anyamaze, awatazame watoto. Mara ya kwanza watasema "panda," kwa mazoea. Behewa litainama, kuku atapiga kelele, mbuzi atashuka, na bibi atasema, "Kiboko, mwanangu, wewe baki mtoni, nitakuletea salamu." Jumamosi ya pili utawasikia wakipiga kelele kabla hata kiboko hajamaliza kuuliza: "Hakuna!" Huo ndio ushindi wenu. Mtoto aliyekumbuka kutoka juma hadi juma, akajua kinachokuja, akakisema kabla yako, amekwisha kuanza kusoma, ingawa hajaijua herufi.

(Juu ya neno hili kiboko: sisi wa zamani tulilijua kwanza kwa maana yake ya pili, ile iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa ofisi. Nimefurahi kwamba watoto hawa wataanza na ile ya mtoni.)

Baada ya hadithi watoto wanyanyuke. Wazazi wawe mabehewa, watoto wawe abiria, wazunguke chumba: polepole, haraka, mbele, nyuma, simama. Kisha wakae na vitabu mikononi dakika tano, kila mtoto na mtu wake, na vijana wapite wakiwasaidia wazazi kuuliza maswali. Mzazi asiyejua kusoma asione haya. Picha haihitaji cheti. Aseme anachokiona na amwulize mtoto anaona nini. Wimbo wa kuagana, basi, imekwisha. Wakienda na njaa ya kutaka zaidi ni bora kuliko wakienda wanalia.

Jumamosi ijayo mrudie vilevile. Na ya tatu vilevile. Vijana watachoka, watataka hadithi mpya. Wakatazeni. Mtu mzima hutaka jipya, mtoto mdogo hutaka lile lile, na kila mara hupata ndani yake kitu ambacho juzi hakukiona. Mwezi wa pili tunaweza kuhamia sokoni, wa tatu mpunga wa Mwamkulu na Kakese, kisha asali, ambayo wenzetu wa Inyonga wakitupatia kijiko kimoja kwa kila mdomo itakuwa mada isiyosahaulika. Najua wapo watakaotaka tuanze na Katavi mwenyewe, yule mzimu wa Wabende na mkwaju wake kule ziwani. Ni hadithi kubwa, na mkoa wetu tangu ulipoanzishwa mwaka 2012 unabeba jina hilo. Lakini si ya mtoto wa miaka miwili. Mzimu na umngoje mpaka afike darasa la nne.

Lugha. Hili sitalipita haraka. Ukikaa mlangoni mwa zahanati yoyote ya mji huu utasikia Kisukuma, Kifipa, Kibende, Kipimbwe, Kikonongo, Kiha na Kirundi, na ndani ya hizo zote Kiswahili kinakatiza. Makazi ya Katumba yalianzishwa kwa ajili ya ndugu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, Mishamo ikafuata mwishoni mwa miaka hiyo. Mwaka 2014 serikali ilianza kukabidhi vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto wa watoto wao ni Watanzania, na nyumbani kwa wengi bibi bado anabembeleza kwa Kirundi. Sasa mtoto huyo akija kwetu, tumwambie nini? Wapo walimu wanaoamini kwamba lugha ya nyumbani ni kikwazo cha Kiswahili, na kwamba mzazi aiache. Mimi naliona hilo kuwa kosa kubwa. Mtoto aliyesimuliwa sana kwa Kirundi au Kisukuma amekwisha kujua hadithi ni nini, inaanza vipi, inamalizika vipi, na kwa nini kuku aliogopa. Kiswahili atakipandisha juu ya msingi huo. Yule aliyenyimwa lugha ya bibi na Kiswahili cha mama bado ni cha kuokoteza, huyo ndiye anayefika shuleni bila lugha yoyote iliyokamilika. Kwa hiyo saa yetu iendeshwe kwa Kiswahili, lakini mlangoni "Mwangaluka" na "Mwaramutse" zisikike, na mara moja kwa mwezi aalikwe bibi mmoja asimulie kwa lugha yake, kijana wetu akitafsiri kwa vitendo. Watoto wengine hawatapata maneno, ila watamwona mwenzao akicheka kabla yao, na mwenzao huyo siku hiyo atakuwa mkubwa wa darasa.

Vitabu havihitaji kuwa vingi. Thelathini vizuri vinatosha kuanzia. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Dar es Salaam mwaka 1991, umesaidia sana wachapaji wetu kutoa vitabu vya Kiswahili vya umri mdogo. Aidha tangu mwaka 2014 upo mkusanyo unaoitwa African Storybook, kazi ya taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, wenye hadithi za Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, unaopatikana bure katika intaneti na unaoruhusiwa kuchapwa. Juu ya hivyo, klabu ya sanaa itengeneze vyake: karatasi ya manila, picha moja kubwa kila ukurasa, imeshonwa kwa uzi mnene. Vitaraiwa na mate, vitachanika, vingine vitatafunwa. Nimefanya kazi ya ukutubi maisha yangu yote, na nawaambia kwamba kitabu cha mtoto kilicho safi baada ya mwaka mzima ni kitabu kilichokaa bure.

Onyo moja tu kwa watakaotengeneza vifaa: visoda, maharage, kunde, shanga na mbegu zozote zisiingie chumbani. Vitu hivyo huishia puani na kooni. Kayamba za chupa zifungwe kwa gundi, na mkubwa azikague kila zinapotumika.

Wakati wa kuanza ni mwezi wa Juni. Watu wa mjini hulisahau hili. Mvua zinapoanza Novemba familia nyingi huhamia mashambani mpaka mavuno, na mtoto huenda mgongoni. Tukianza Januari tutaongea na mikeka. Tuanze baada ya mavuno, twende mpaka Oktoba, na wakati wa mvua tuwape wazazi vitabu viwili viwili wavichukue shambani kwenye mfuko wa nailoni.

Nani atafanya? Hapa narudi kwenye yale ya asubuhi. Nataka wasomaji wawe vijana wa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu, na nataka hasa wale wanaosoma kwa kidole wawe wa mbele. Msishangae. Kijana wa miaka kumi na minne anayekwama kusoma mbele ya darasa hupata aibu, na aibu humfunga mdomo, na mdomo ukifungwa hakuna mazoezi. Mpe kitabu cha mistari kumi na miwili cha kumsomea mtoto wa miaka miwili. Atakisoma nyumbani mara kumi ili asikwame. Mtoto hatamcheka. Juma lijalo atakisoma tena kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu kuna mtu anayemsubiri. Mwalimu wa Kiswahili awafundishe nusu saa kila Alhamisi jinsi ya kusoma kwa sauti, kupumua na kungoja. Hivyo tunalima shamba moja tukivuna mara mbili.

Wapo mtakaosema hii ni kazi ya akina mama. Nimelisikia hilo tangu siku ya kwanza nilipovaa kitambulisho cha mkutubi. Maktaba Kuu ya Taifa ilipofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, vijana wa kiume walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kazi hii, na sijapata kuona dume lililopungukiwa udume kwa kuiga mlio wa treni. Nataka Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi iwe ya akina baba. Mtoto akimwona baba yake na kitabu mkononi, hilo halitafutika upesi.

Mwisho ni fedha. Mbele ya mkutano huu lipo pendekezo la kujenga lango jipya la shule, lenye matofali ya kuchoma na kibao cha marumaru chenye majina ya wachangiaji. Nimeuona mchoro, ni mzuri. Jina langu nimeliona, limeandikwa sawasawa. Lakini lango la sasa linafunguka na kufungwa, na chumba cha maktaba hakifunguki Jumamosi. Gharama ya kibao peke yake itanunua mikeka minne, ndoo mbili za koki, vitabu thelathini, karatasi na gundi za mwaka mzima, na posho kidogo ya mlinzi na ya mkutubi kwa kuja siku yake ya mapumziko.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja hii iandikwe katika kumbukumbu: kwamba ujenzi wa lango uahirishwe kwa mwaka mmoja, kwamba sehemu ya fedha hizo ipelekwe maktabani kwa shughuli niliyoieleza, kwamba Mkuu wa Shule aombwe kuwasiliana na ofisi ya ustawi wa jamii ya Manispaa na watendaji wa mitaa ya Kashaulili, Makanyagio na Nsemulwa ili wazazi wapate taarifa, na kwamba katika mkutano wa mwaka ujao tuelezwe watoto wangapi walikuja, wangapi walirudi, na vijana wangapi wa Kidato cha Kwanza walisoma. Tukiona haikufaa, lango litakuwa bado linatungoja.

Wapo hapa vijana wanne wa Kidato cha Tatu ambao wametengeneza mabehewa ya maboksi kwa muda wa juma zima. Kabla kura hazijapigwa, ningependa waonyeshe ile hadithi ya bibi, na ninyi mjibu panapotakiwa kujibiwa. Naomba wa viti vya mbele msogee kidogo, treni ipite.